Mama Uzi na Waya Ulioishikilia Droni

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni, fundi mkuu wa umeme wa kitengo chetu cha mawasiliano ya dharura anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili kazini. Kwa wengi wenu ni Mama Uzi, na kwa idhini yake ndivyo tutakavyomwita hapa.

Alianzia karakana, akisuka upya mota za pampu zilizoungua. Kitengo kiliponunua droni ya kubeba antena ya redio, betri yake haikumaliza hata saa moja angani. Mama Uzi akapendekeza ilishwe umeme kutoka chini kwa waya. Waya wa kwanza ulikuwa mnene kama kidole. Droni ilipanda kimo cha mlango ikagoma, kama mbuzi anayevutwa kwenda kuoga. Ndipo akaupandisha volti umeme huku chini ili upite kwenye waya mwembamba, na tumboni mwa droni akaweka kifaa kidogo cha kuushusha tena. Madereva walipoona waya wenyewe wakaanza utani: "Mama Uzi, leo unashona nini?" Jibu lake lilikuwa kwamba anawashonea midomo.

Siku ya mafuriko hatutaisahau. Mnara wa simu ulikuwa umeanguka, na boti mbili za uokoaji zilikuwa majini zikielekezwa kwa redio iliyobebwa na droni yetu. Usukani wa boti ya mbele aliushika kitinda mimba wa Mama Uzi. Katika pilikapilika za asubuhi ile, kanuni kuu ya mama huyo ilirukwa: waya wote utolewe kwenye rola, yaani gurudumu unakozungushiwa, kabla ya kuwasha umeme, hata kama droni haipandi juu sana, maana waya uliojikunja pamoja hauna pa kutolea joto. Kabla ya adhuhuri rola ikaanza kunuka plastiki. Kuzima ni kuziacha boti bila mwongozo katikati ya maji. Kuendelea ni kuunguza waya na kuiangusha droni.

Mama Uzi hakumlaumu mtu. Aliubana kwenye nguzo upande wa waya uliopanda angani ili droni isivutwe, akaita ofisi nzima uani. Wahasibu, madereva, mpishi, hata mkurugenzi na tai yake, wote wakagawiwa glavu na kuambiwa wavute polepole waya uliobaki kwenye rola. Uani kulijaa madimbwi, hivyo waya ukatandazwa juu ya viti vya plastiki vya ukumbini. Mkurugenzi alipouliza kama ni salama, alijibiwa kwamba ni salama, baba, mradi ashike kwa mikono miwili na apunguze maswali. Rola ikapoa. Muda wote huo Mama Uzi alikuwa na redio mkononi, akimwelekeza mwanawe kwa sauti ile ile anayoombea bisibisi.

Jioni boti zote mbili zilirudi, zimejaa watu. Kijana akashuka na matope mpaka masikioni, akalalamika mbele ya wote kwamba mama yake anaongea mno redioni. Mama akamwambia akaoge. Kisha akaenda nyuma ya stoo, na aliporudi macho yalikuwa mekundu. Siku hiyo hakuna aliyemtania.

Mama Uzi, ahsante kwa siku ile, na kwa zile nyingine nyingi ambazo hazikuwa na habari yoyote kwa sababu ulikuwepo. Jumatatu droni itarushwa na uliowafunza, na hatufichi, tuna wasiwasi. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na nyumba yenye vicheko vya wanao. Pumzika, mama yetu. Ila simu, tafadhali, usiizime.