Mzee Lomuria Aweka Mkebe Chini

Leo, Ijumaa tarehe 30 Januari 2026, Bwana Vincent Lomuria anastaafu baada ya kukitumikia Kituo chetu cha Mbegu za Malisho kwa miaka thelathini na mmoja na miezi mitano. Kitambulisho chake kinasema alizaliwa tarehe mosi Januari, sawa na nusu ya watu wa rika lake huku kwetu, kwa hiyo hakuna anayeweza kuapa kwamba kweli amefikisha miaka sitini. Ofisi imeamua kukiamini kitambulisho. Sisi tuliofanya kazi naye tungependa uchunguzi uendelee kidogo.

Aliingia langoni Septemba 1994 kama kibarua wa siku tatu, kuchimba mashimo ya nguzo za ua. Mashimo yaliisha, na siku ya nne akarudi kufuata jembe alilokuwa amelisahau. Alimkuta msimamizi wa wakati huo amebeba ndoo, anamwagilia mbegu za nyasi. Lomuria, aliyekulia Ngaremara akichunga mbuzi wa baba yake, hakuwa amewahi kuona mtu mzima akinywesha nyasi. Alicheka mpaka akaketi chini. Msimamizi naye alikuwa mtu wa hasira za karibu, akamwambia kama kazi yenyewe ni ya kuchekesha hivyo, basi aifanye yeye. Akapokea ndoo, na hadi Jumatatu ya wiki iliyopita hakuwa amempa mtu.

Ndoo ile aliiona mbaya tangu siku ya kwanza. Ilikuwa inamwaga maji kwa kishindo, mbegu zinaruka. Wiki ya pili akaokota mkebe wa rangi wa lita kumi, akautoboa kitakoni kwa msumari mwembamba, matundu mengi madogo, akaufunga mpini wa waya. Mkebe wa sasa ni wa saba. Yote ameitengeneza yeye, na yote inanyunyiza maji kwa upole kama manyunyu ya Novemba.

Kwa wageni wetu ambao hawajawahi kulea nyasi, naomba niwaeleze kazi ya huyu mzee, maana ukiitazama kwa mbali unaweza kudhani ni kutembea tu na mkebe. Mbegu ya nyasi ni nyepesi kuliko unyoya. Huchanganywa na mchanga mkavu ili mkono uitawanye sawasawa, halafu haifukiwi. Hukanyagwa. Lomuria huvua viatu na kupita kitaluni kwa hatua fupi za upande, nyayo zikishindilia mbegu udongoni. Kisha matandazo membamba ya nyasi kavu, kisha duara la jivu la kuwazuia sisimizi, kisha matawi ya miiba dhidi ya kanga na mbuzi. Hapo ndipo kazi inapoanza. Asubuhi kabla ya jua, saa tano, na jioni, kila siku bila kuruka, udongo wa juu lazima uwe na unyevu. Mbegu ikishalowa imeamka, na ikikauka baada ya kuamka inakufa. Haina mara ya pili. Kipimo chake ni kidole gumba: ukibonyeza udongo ukunate bila kudondosha maji.

Mimi ninayeandika haya, Gatwiri, nilifika hapa mwaka 2013 kama afisa wa malisho, na cheti changu, na kujiamini kwangu kote. Nimezaliwa Nkubu, mahali ambapo maji hushuka kwa mfereji mchana kutwa na hakuna anayeyahesabu. Wiki yangu ya kwanza Lomuria alikwenda kuhani msiba, akaniachia kitalu cha siku tatu. Nilizihurumia zile mbegu. Nikavuta mpira wa maji kutoka kwenye tangi nikazinywesha mpaka nikaridhika. Aliporudi akakuta mbegu zote zimeelea na kukusanyika kwenye pembe ya chini, na baada ya wiki zikaota hapo hapo, msongamano kama ndevu za beberu, na kitalu kilichobaki kikawa kipara. Hakunigombeza. Aliiangalia ile pembe, akasema, "Madam, hii mbegu si ngamia. Haiwekangi maji ya wiki."

Pembe hiyo inaitwa Kona ya Gatwiri mpaka leo. Imo hata kwenye ramani ya kituo iliyo ukutani, na najua ni nani aliyeiandika.

Sasa niseme habari ya mwaka 2022, kwa sababu bila mwaka huo hotuba za leo zingekuwa fupi sana.

Mvua ilikuwa imekosa misimu minne mfululizo. Katika ghala letu lilibaki kopo moja tu la mbegu za ile nyasi ya kichwa chekundu, ambayo wazee wa Ngaremara wanasema ndiyo iliyokuwa ikinenepesha ng'ombe zamani, na ambayo porini ilikuwa haionekani tena. Mbegu hizo zilikuwa na umri wa miaka mitano. Lomuria alihesabu mia moja juu ya kitambaa chenye maji, zikaota kumi na moja. Mwaka mmoja nyuma zilikuwa zimeota thelathini. Hesabu ilikuwa wazi kwa kila mtu. Tungengoja mvua, tungekuja kupanda vumbi.

Lakini maji yalikuwa yakija kwa bauza, lile lori la maji, mara moja kwa wiki, na majirani walikuwa wakipanga mitungi langoni kabla halijafika. Mkuu wa kituo akakataza tone lolote kwenda kitaluni. Lomuria ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema ni sawa, kwa sababu huwezi kunywesha nyasi mbele ya mama mwenye mtungi mtupu. Alisema hivyo, akaenda kuketi nyuma ya ghala, na nilipomfuata nikakuta anatokwa na machozi. Naandika hilo hapa bila ruhusa yake.

Mlinzi wetu, Bwana Abdighani, alikuwa na kawaida ya kutawadha juu ya bamba la saruji kando ya tangi. Alasiri moja Lomuria aliyafuata kwa macho yale maji yakishuka kutoka kwenye miguu ya Abdighani na kupotea vumbini. Akamwuliza kwa adabu kama dini inaruhusu maji yale yanywewe na nyasi. Abdighani hakutaka kujibu kwa kubahatisha. Alienda kumwuliza imamu wake, akarudi kesho yake na habari kwamba maji ni safi na hakuna ubaya wowote.

Siku hiyo hiyo karai likawekwa chini ya bamba. Lomuria akapanda kopo lote katika kitalu cha hatua nne kwa tatu, na tangu hapo nyasi zikawa zinakunywa saa za swala: alfajiri, adhuhuri, alasiri, na kidogo magharibi. Hata ungetafuta ratiba bora kuliko hiyo kwa mbegu changa usingeipata. Maji ya mtu mmoja hayakutosha, kwa hiyo Abdighani akaanza kuwasimamisha madereva wa malori ya Merti na kuwakaribisha waswali kwetu. Waliona ajabu kukaribishwa hivyo, lakini walishuka. Sisi wa kanisa tukaambiwa tunawe mikono na uso papo hapo, bila sabuni. Sijawahi kuwa msafi kama miezi ile.

Siku ya kumi na moja Abdighani alipiga kelele kutoka kitaluni mpaka tukadhani ni nyoka. Zilikuwa zimetokeza, nyembamba kama sindano, huku na huku. Kutoka kwenye kile kitalu tulivuna nusu kilo ya mbegu, na mwaka uliofuata mvua iliporudi, nusu kilo ile ikazaa magunia. Kila punje ya kichwa chekundu iliyo ghalani leo imetoka hapo. Imekwenda Korbesa, imekwenda Merti, imerudi Ngaremara. Mwezi Mei mwaka jana Mama Leila, mwenyekiti wa kikundi cha wafugaji cha Korbesa, alimpigia Lomuria simu na kumweka kwenye spika ili wenzake wasikie, naye Lomuria akatuwekea sisi vivyo hivyo. "Lomuria, nyasi yako imeshika! Ng'ombe inaangalia hapa kama hoteli, na mimi niko na fimbo. Nifungue lini?" Lomuria alimwambia avute jani moja kwa nguvu. Likitoka na mzizi, asifungue. Likikataa kutoka, mzizi umeshika, na ng'ombe wanaweza kuingia. Mama Leila aliweka simu chini, tukasubiri, akarudi akisema limekataa.

Hayo ndiyo mafanikio. Lakini tangu barua ya kustaafu ilipofika Desemba, kulikuwa na swali ambalo hakuna aliyetaka kulitamka mkutanoni. Katika miaka hii yote hakuna mtu mwingine hapa aliyewahi kulea kitalu kutoka mbegu hadi mzizi. Tulikuwa tukisema ni mkono wa Lomuria, kana kwamba alizaliwa nao, na kusema hivyo kulitupa sababu ya kutojifunza. Je, akiondoka mbegu zitaota? Yeye mwenyewe lilimnyima raha. Alianza kuongea peke yake karibu na ghala.

Jumatatu tarehe 19 mwezi huu alivua viatu na kukanyaga kitalu cha mwisho, kichwa chekundu, hatua nne kwa tatu. Alipomaliza alinipa mkebe. Akasema hataugusa tena, na nikifanya kosa hatasema kitu.

Neno lake alilitunza kwa shida. Siku zile tatu za kwanza mapanga yote ya kituo yalinolewa karibu na kitalu. Ua ulikaguliwa upande mmoja tu. Nilikuwa nikibonyeza kidole gumba udongoni huku nikisikia mtu anakohoa nyuma yangu.

Siku ya nne, Alhamisi, niliitwa mjini kwa mkutano wa saa moja, nao ukala saa nne. Jua lilikuwa kali. Saa tano ilinikuta nimekaa kwenye kiti cha plastiki nikisikiliza hotuba, na nilijua kabisa kinachotokea kitaluni. Nilirudi saa nane nikikimbia. Lomuria alikuwa langoni, amekaa, mikono imeshika magoti, hanitazami. Nikaenda kubonyeza udongo na kidole kikatoka kimenata. Niligeuka kumshukuru, naye akatikisa kichwa na kuelekeza kwa kidevu kibanda cha mlinzi. Abdighani alikuwa amekwenda safari tisa na birika lake la udhu. "Mimi nimezoea hii saa," aliniambia. "Na huyu mzee amesimama mara tatu, amekaa mara tatu. Nikamwambia kaa tu, hii hata mimi najua."

Nafikiri hapo ndipo Mzee Lomuria alipostaafu hasa, siku nane kabla ya tarehe iliyo kwenye barua.

Juzi, siku ya kumi, nyasi zilitokeza. Zimeenea sawasawa, hata kwenye pembe ya chini, ahsanteni. Alikuja, akachuchumaa, akaziangalia. Nilikuwa nangoja sifa. Akasema, "Sasa punguza maji. Usizidekeze, wacha mzizi utafute." Kisha akaenda kusaini fomu zake za kukabidhi vifaa, na nikamsikia akiimba njiani.

Tulimwuliza anataka zawadi gani, tukitaja mbuzi, blanketi na kiti cha kupumzikia. Aliomba kopo moja la kichwa chekundu. Ukweli ni kwamba nyumbani kwake Ngaremara hakuna hata unyasi mmoja, kwa sababu kwa miaka thelathini na mmoja hajawahi kuwa kwake saa ya kumwagilia. Mkewe, Mama Natabo, amekuwa akitukumbusha kila sherehe. "Nyasi ya serikali inakunywa mara tatu kwa siku," husema, "na kwangu hata mbuzi ananiangalia kwa huruma." Nimepata habari kwamba wiki hii Mama Natabo ameshaweka miiba kuzunguka sehemu mbele ya nyumba, hatua nne kwa tatu, na ameweka karai la kunawia kando yake.

Mama Natabo, ahsante kwa kutuazima mume wako asubuhi zote hizo. Mzee Lomuria, ahsante kwa miaka yako, kwa kidole chako gumba, na kwa kunyamaza nilipokuwa nakosea. Tunakuombea afya, mvua za kiasi, na sisimizi wasiojua njia ya Ngaremara. Mwisho wa Februari uje uvute jani moja kwenye kitalu chetu, utuambie kama limekataa.

Wageni wataona kwenye ratiba kwamba saa tano kamili hotuba zitasimama kwa dakika kumi. Mzee, utatuona tukiinuka na mkebe. Wewe usiinuke. Kaa, malizia chai yako. Tunaenda kumwagilia.