Barua Katika Maboksi ya Soksi: Maisha ya Hsiao Yueh-chin (1948–2024)

Marehemu Hsiao Yueh-chin alizaliwa tarehe 12 Novemba 1948 mjini Shetou, Changhua, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Hsiao Ching-shui na mama Liu Chueh. Siku hiyo mashine ya soksi ya baba yake, ile ya kuzungushwa kwa mkono, haikusimama. Mama alishona ncha za soksi mpaka uchungu ulipomshika, na kabla jua halijazama aliuliza zimebaki pea ngapi. Hivyo utulivu Yueh-chin hakuukuta nyumbani, na maishani mwake hakuutafuta.

Alisoma shule ya msingi hapa Shetou kuanzia 1955 hadi 1961, kisha sekondari ya wasichana mjini Changhua, akienda na kurudi kwa treni. Alasiri alizungusha mashine huku kitabu kikiwa mapajani. Mdogo wake wa kiume, Ping-huang, anakumbuka siku dada yake alipozama katika kusoma mpaka soksi ikatoka na visigino viwili. Baba aliiinua juu, akauliza, "Hii ya nani, ya bata?" Yueh-chin akajibu bila kufunga kitabu, "Ya mtu anayekwenda na kurudi." Mwaka 1967 aliingia chuo kikuu Taipei, akahitimu masomo ya fasihi mwaka 1971.

Alifundisha katika shule moja ya Yuanlin kwa miaka kumi na mmoja. Wanafunzi wake wa zamani walikuwa wakimrudia wakilia: kiwandani walikuwa wametakiwa kutia saini kwamba siku watakayoolewa ndiyo siku watakayoacha kazi. Aliwaandikia barua za malalamiko, moja baada ya nyingine, na mwaka 1982 ajira yake mwenyewe ikakatwa. Alihamia Taichung. Huko, Machi 1984, alianzisha jarida la kurasa nane aliloliita Kisigino, kwa sababu, alisema, soksi hutoboka hapo kwanza. Nchi ilikuwa bado chini ya sheria ya kijeshi. Jarida lilichapwa kila Jumapili kwa siri, katika kiwanda kidogo cha kadi za harusi.

Kuanzia 1990 Kisigino lilikuwa na ukurasa wa barua. Waliandika wanawake waliopigwa na waliofukuzwa kazi. Waliandika pia wanawake waliowapenda wanawake wenzao, ambao hawakuwa na mtu mwingine wa kumwambia. Chini ya ukurasa huo, kila toleo, kulikuwa na ahadi moja: "Barua yako itaonwa na macho yangu tu." Jarida lilipofungwa mwaka 1999, barua za namna hiyo zilikuwa mia mbili na kumi na mbili. Alizihifadhi pamoja na kumbukumbu za mikutano, mabango na rasimu za sheria, katika maboksi ya soksi aliyoletewa na Ping-huang kutoka kiwanda cha familia.

Katika kiwanda kile cha kadi za harusi ndiko alikokutana na Ting Pi-hsia, mpanga herufi. Walianza kuishi pamoja mwaka 1986. Sheria ilipowaruhusu kuoana, Mei 2019, Pi-hsia alitaka waende siku ya kwanza. Yueh-chin alikataa, kwa kuwa katika toleo la tisa la Kisigino alikuwa ameandika kwamba ndoa ni kufuli ambalo mwanamke hununua mwenyewe.

"Najua uliandika nini," Pi-hsia alimwambia. "Nilizipanga herufi zile kwa vidole hivi, moja moja. Sasa zimeze."

"Zote?"

"Na nukta."

Walisajili ndoa tarehe 20 Septemba 2019. Nakala ya cheti aliiweka kwenye jalada moja na makala ile, ili wasomaji wa baadaye waone alivyokuwa mkaidi na alivyoshindwa.

Mwaka 2011 chuo kikuu kimoja kiliomba karatasi zake. Alitoa maboksi arobaini na sita kwa furaha. Barua alizizuia. Mtunza nyaraka, Bi Kao, alimsihi: "Mwalimu, tutazifunga miaka hamsini. Hakuna atakayezigusa."

"Niliwaahidi macho yangu," Yueh-chin alijibu. "Sikuwaahidi macho ya chuo."

Akaanza kuwatafuta wenyewe, mmoja mmoja, ili kila mmoja aseme kama barua yake ibaki au irudi. Alikuwa na miaka sitini na miwili. Kwa zaidi ya miaka kumi na mmoja hakukaa nyumbani wiki nzima. "Nimefunga ndoa na mkoba," Pi-hsia alilalamika, huku akimfungia wali wa njiani. Ili asimfichue mtu, Yueh-chin alijifanya mchuuzi wa soksi, na barua aliiingiza ndani ya pea. Huko Hualien alimkuta mwenye barua akiuza maziwa ya soya, mume wake kando yake. Mama yule alipokea soksi, akazibinya, akasikia karatasi.

"Rangi hii nimeitafuta miaka ishirini," alisema.

"Rangi gani?" mume akauliza. "Si nyeusi tu?"

"Wewe hujui rangi. Koroga maziwa."

Wanawake mia moja ishirini na wanane waliruhusu barua zao zihifadhiwe, na sasa ziko chuoni. Sitini na mmoja walitaka zao zirudi, nao walikabidhiwa mkononi. Ishirini na wawili aliwakuta wameshafariki. Mmoja hakumpata kabisa.

Agosti 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Alilazwa Changhua, na hapo ndipo miguu yake iliposimama, ila yeye hakusimama. Alihesabu barua zile ishirini na mbili asubuhi na jioni. Kuziacha chuoni hakukuruhusiwa na wenyewe. Kuwapa watoto wao kungekuwa kuwasaliti. Ping-huang, kwa mapenzi na kwa imani ya kwetu kwamba kinachochomwa humfikia marehemu, alimwambia, "Dada, usihangaike. Nitakuchomea makaratasi yako yote, boksi kwa boksi, hata yale ya chuoni nitayaomba. Utayasoma huko."

"Ping-huang, ukichoma hata bango moja, nitakuja kukuvuta vidole vya miguu mpaka ufe."

Hawakusemezana siku tisa. Siku ya kumi alimwita, akamkabidhi mkoba. "Yale mengine ni ya walio hai," alisema. "Lakini hizi wenyewe wako huko ninakokwenda. Hizi nichomee. Nitazipeleka mwenyewe."

Alifariki Jumamosi, tarehe 9 Machi 2024, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Pi-hsia. Alikuwa na miaka sabini na mitano. Kwa hesabu ya nyumbani, inayoanza na mwaka mmoja siku ya kuzaliwa na kuongeza mmoja kila mwaka mpya, sabini na saba.

Ameacha mke, Ting Pi-hsia. Mdogo wake, Hsiao Ping-huang, na wifi yake, Lai Su-chen. Na watoto wao Wei-ting na Chih-kang, waliomwita shangazi na kuvaa soksi zake mbovu bila kulalamika. Mchapaji wa ratiba hii ya mazishi aliuliza kama mbele ya jina la Pi-hsia aandike "rafiki". Ping-huang alimwambia, "Andika mke. Dada akiona kingine atainuka akisahihishe."

Barua moja bado iko mkobani. Iliandikwa Puli, majira ya baridi ya 1993, na haina jina. Pi-hsia atakaa karibu na mlango na pea za soksi nyeusi kwa kila anayetaka. Mwenyewe akiwa humu ukumbini, hana haja ya kusema neno. Aseme tu kwamba anatafuta rangi.

Baada ya sala, Ping-huang atawasha moto nje ya ukumbi na kuzitia ndani barua ishirini na mbili, bila kuzifungua. Dada yetu ana safari nyingine mbele yake, na nyumba ishirini na mbili za kubisha hodi. Akishamkabidhi wa mwisho, avue viatu, apumzike kwa amani.