Ncha Hazikatwi

Sogeeni, wanangu. Volkmar, usisimame mlangoni kama mtu aliyekuja kudai, njoo upande wa sikio langu zima, na dada yako Roswitha akae miguuni, kwa maana pumzi niliyobaki nayo ni haba na sitaki kuimaliza kwa kupaza sauti. Nina ya kusema juu ya nyumba na karakana, lakini kwanza nitoe lililonikaa kooni tangu asubuhi, maana nikifa nalo litaoza kabla yangu.

Kazi yangu mnaijua. Tangu ujana wangu hapa Schönheide watu wameniletea brashi za kunyolea za baba zao na babu zao nizifufue, mipini ya pembe, mipini ya mfupa, nyingine zimetolewa makabatini mwa marehemu na sabuni iliyoganda, ukungu, magamba ya ngozi na vipande vya ndevu za mtu aliyezikwa zamani, zikinuka kama mbwa aliyenyeshewa. Mama yenu Hanne, Mungu amrehemu, alizichokonoa kwa kucha zake, kisha tukanawa, tukakaa meza ileile tukala viazi vyetu na jibini laini na mafuta ya kitani, wala hatukuona kinyaa. Ule ulikuwa uchafu wa mtu aliyeishi. Kinyaa nimekijua leo, tena kwa brashi safi.

Volkmar, Jumapili uliniletea brashi yangu mwenyewe, ile aliyonifungia mama yako, ukaniambia, "Baba, nimekutengenezea, sasa ni mpya kabisa," nami nikakushukuru mpaka machozi yakanilenga. Leo Roswitha amenipaka povu kwa brashi hiyo, na shavu likawasha kama nimepakwa upupu. Nikamwambia asogeze taa. Nikayapambanua manyoya nitafute uzi mwekundu, maana Hanne hakufunga shungi lolote la manyoya ila kwa uzi mwekundu, sikuuona. Nikazitazama ncha, nikakuta zimekatwa kwa mkasi, zimesawazishwa kama majani ya ua wa posta. Nilitapika, mwanangu. Beseni dada yako amelimwaga sasa hivi.

Sikilizeni, nirudie hata kama mmechoka kusikia. Nywele ya nyegere, hii tunayofungia brashi, imezaliwa na ncha yake, nyembamba, laini, na hakuna fundi wa kuiumba upya. Unayatia manyoya kwenye kikombe cha mti, ncha chini, unagonga juu ya meza, unagonga tena, mpaka kila unywele upate mahali pake wenyewe, ndipo unafunga. Mkasi unaruhusiwa kwenye mashina tu, yale yatakayozama kwenye gundi ndani ya mpini. Shungi likienda upande, unafungua uzi na kuanza upya, hata kama supu inapoa. Anayekata ncha ameuficha uvivu wake usoni mwa mtu mwingine.

Seifert, yule fundi brashi wa chini ya kanisa, alizikata ncha, na kwa ajili hiyo sikumwamkia tena, si ibadani, si hata siku alipomzika mkewe. Kumbe nilikuwa nafuga Seifert mwingine chini ya paa langu. Nendeni kwake mkamwambie kwamba mimi Gotthard namsalimu. Sina tena uso wa kumnunia. Na brashi ulizowapelekea watu, Volkmar, zenye muhuri wetu kitakoni, usinitajie ni ngapi. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na cha kwako umekitembeza kwa jina la mama yako. Pfu. Nipeni kitambaa.

Basi, wosia wangu ni huu. Nyumba ni yenu wawili, asiingie mtu kuwapigia ukuta katikati. Bustani ya viazi ni ya Roswitha, aliyeipalilia. Karakana, kikombe na muhuri nakuachia wewe Volkmar, pamoja na karaha yangu yote, kwa sababu nimewaza tangu asubuhi nikasema hakujua; mama yake alifariki kabla hajamfunza sawasawa, na mikono yangu ilikwisha kuanza kutetemeka. Asiyejua hufunzwa. Dada yako alifunga mashungi ubavuni mwa mama yake, atakuelekeza jioni akitoka kuoka mikate. Nami nikifa nisinyolewe mpaka umefunga brashi moja kwa haki. Ukishindwa, nizikeni na ndevu zangu, mji mzima wa mafundi brashi uje unitazame kidevu.

Inama sasa nikubariki. Lete uso.

Mbona shavu lako halina kipele hata kimoja? Langu linawaka, lako laini kama la mtoto. Roswitha, panda ghorofani, kwenye beseni la kaka yako la kunawia, niletee brashi anayonyolea. Kaa, Volkmar. Nimesema kaa.

Umeileta? Yapambanue wewe, macho yangu yanakimbia. Uzi una rangi gani? Sema, mama, usimwogope kaka yako.

Mwekundu, unasema.

Kumbe ulijua. Shungi la mama yako hukulitupa. Ulilipandikiza kwenye mpini wako, ukanipa mimi la mkasi. Ungelitupa, ningelia tu. Lakini ulijua lililo jema, ukajiwekea, na watu ukawapa... ukawapa hayo.

Roswitha, ufunguo wa karakana uko chini ya mto. Uchukue. Na muhuri. Hapana, usimtazame yeye, chukua. Volkmar, hiyo brashi kaa nayo, ndiyo urithi wako, sikunyang'anyi nywele za mama yako. Unyolee kila asubuhi. Na dada yako akikuita, mshikie kikombe.

Mungu awabariki. Wote wawili... nimesema wote. Maji kidogo. Yatosha.

Usininyoe, mama. Ifunge brashi kwanza. Ikienda upande, fungua... anza upya. Usiharakishe. Mimi nitangoja.