Mzee Okinyi na Shetani wa Wino Mwekundu

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, Mzee Nicodemus Okinyi anastaafu Ijumaa hii, tarehe 31 Oktoba 2025. Aliingia kiwanda chetu cha uchapaji hapa Kisumu akiwa mfagiaji, akajifunza kupanga herufi za madini ya risasi, kisha mashine za kisasa, na anaondoka akiwa mkuu wa chumba cha mashine.

Kila mfanyakazi mpya alisimuliwa habari za Gutenberg, Mjerumani aliyechapa Biblia mjini Mainz yapata miaka mia tano na sabini iliyopita. Mzee alimzungumzia kama jirani wa hapa mtaani Milimani. Yule bwana, alisema, alijaribu kuchapa vichwa vya sura kwa wino mwekundu, kazi ikamchelewesha, akaacha nafasi wazi wekundu uandikwe kwa mkono. Wengi wetu tulisikiliza huku tukingoja chai.

Mwaka 2011 habari hiyo ilituokoa. Kanisa moja la Kombewa liliagiza nakala mia nane za Injili ya Luka kwa Kidholuo, maneno ya Yesu yawe mekundu, ziwekwe wakfu Jumapili. Mzee mwenyewe ndiye aliyetia alama sehemu za wekundu. Desturi yake ni kwamba karatasi ya kwanza husomwa kwa sauti mbele ya mwenzake kabla kazi haijaendelea. Ijumaa ile alikuwa na haraka, akairuka. Karatasi mia tatu zilikuwa zimeshatoka wakati Kadija, mwendesha mashine, alipogoma.

"Mzee, hatujasoma."

Mzee akasoma sura ya nne, majaribu ya jangwani. Kadija, ambaye ni Mwislamu, akamkatiza: "Ngoja kwanza. Hapa anayeongea si Shetani? Mbona amepewa rangi ya Yesu?"

Mashine ikazimwa. Karatasi iliyobaki ilitosha nakala mia nane kamili, bila hata moja ya kujaribia rangi. Mzee akaamua sura hiyo ichapwe kwa wino mweusi mtupu, akaacha wekundu utiwe kwa mkono, kama yule Mjerumani. Jumamosi alipeleka vitabu Kombewa yeye mwenyewe, pamoja na katoni ya kalamu nyekundu.

Mchungaji Sylvia wa kanisa hilo, aliposimuliwa kisa cha Shetani, alicheka hadi akaketi. "Afadhali umeniletea kalamu, Mzee. Huyo mwingine ungeniletea, ningemweka wapi?"

Jumapili sura ilisomwa polepole mimbarani, na waumini wakapigia mstari maneno ya Yesu, kila mtu katika kitabu chake. Hakuna nakala iliyorudishwa.

Hata hivyo, Jumatatu Mzee alileta barua ya kujiuzulu. Meneja wetu, Bi. Debra Waswa, aliisoma yote, akamrudishia.

"Kosa ni lako na umelirekebisha. Nenda ukawashe mashine."

Tulipumua. Tangu siku hiyo hakuna kazi iliyotoka bila kusomwa, na yeye ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote.

Mwezi uliopita alileta barua nyingine, ya kustaafu. Hii Bi. Debra ameipokea. Asante, Mzee. Upumzike vyema nyumbani Seme na mkeo, Mama Celestine, ukiwa na afya na siku nyingi tulivu.