Rufaa ya Mkono wa Afande

Benchi lenyewe ni ubao juu ya matofali, ukutani kwa Kinyozi. Ukikalia mwisho linakunyanyua, ukikalia katikati linabonyea, kwa hiyo kila mtu ana pahali pake na ugomvi hakuna. Bibi anauza kahawa hapo, birika lake juu ya jiko la mkaa. Wanaume wanauza maneno, na hayajapata mnunuzi hata siku moja. Yupo Kinyozi mwenyewe, maana asubuhi vichwa ni haba. Yupo Wakili, mchonga mihuri ya mpira, ambaye mahakamani aliingia mara moja tu, kupeleka muhuri. Yupo Rada, fundi redio, anayejua habari kabla hazijatokea. Na yupo Afande, mume wa Bibi, askari mstaafu. Lori la jeshi lilipinduka naye akiwa juu ya masanduku ya risasi, likamharibu mkono wa kulia. Aliomba mafao ya ulemavu, akanyimwa. Kesho anasimama mbele ya baraza la rufaa, na wakimnyima hao, hakuna tena mlango wa kubisha.

— Afande, hebu tueleze, akasema Kinyozi. Mara ya kwanza walikunyima kwa kosa gani?

— Daktari wao aliandika mkono unapanda hadi kichwani bila shida.

— Alijuaje?

Afande akapuliza kahawa iliyokwisha kupoa. Bibi akajibu, maana siku ile alikaa koridoni na mlango ulikuwa wazi.

— Alipigiwa saluti.

— Nani, daktari?

— Daktari kamwambia, "Karibu mzee, unaendeleaje?" Basi mwenzenu kagonga visigino, mkono huohuo mpaka kwenye paji la uso: "Niko imara, mkuu!"

Benchi likatikisika kwa kicheko mpaka Rada akashika ukuta.

— Daktari alikuwa meja, akasema Afande. Mlitaka nimpungie kama abiria wa basi?

Bibi hakucheka. Usiku wake, mkono wa saluti ile aliukanda yeye kwa maji ya moto, na mume ameuma kona ya mto asisikike na jirani.

— Sasa tulia nikupe siri, akasema Wakili. Wale wanakaa watatu. Anayeamua ni wa katikati. Wale wa pembeni wamewekwa ili meza isionekane tupu. Kwa hiyo macho yako kwa wa katikati, na umtupie maneno mazito. "Kwa kuzingatia na kwa mujibu wa."

— Kwa mujibu wa nini?

— Haidhuru. Akishasikia mujibu, ameshaogopa.

— Wakili, umelala, akadakia Rada. Hao watatu ni pambo. Mambo yanaamuliwa koridoni! Kuna viti vitatu vya kusubiria: kimoja kina mto, kimoja mbao tupu, kimoja mguu umevunjika. Na kuna mtu ukutani anachungulia kwa tundu. Ukikalia cha mbao bila kukunja uso, wewe mzima, nenda zako.

— Na nisipokaa?

— Usipokaa, wanakurudisha kazini.

— Nyote hamjui kitu, akasema Kinyozi. Shemeji yangu alifagia ofisi kama zile. Faili zote zinapangwa juu ya meza, madirisha yanafungwa, wanawasha feni. Faili ikipeperuka, imekataliwa. Ikibaki, imepita.

— Acha uongo wewe!

— Kwani wenye karatasi nyingi si ndio wanaoshinda? Mnadhani ni ushahidi? Ni uzito, bwana.

Wakili akatafakari, uso wa mtu mwenye elimu yake.

— Hapo umegusa penyewe. Tuijaze faili ya Afande magazeti ya zamani.

— Tieni na tofali, akasema Bibi. Wakimnyima, awatupie.

Wakacheka tena, na Afande akacheka nao. Bibi akamtazama anavyocheka, akaona wazi kitakachotokea kesho. Ataulizwa anaendeleaje, atagonga visigino.

Kwenye ncha ya benchi alikuwa amejibanza fundi bomba, mgeni, aliyekuja kuzibua sinki la Kinyozi. Akarudisha kikombe kwa mikono miwili.

— Samahani, wazee wangu. Mimi mambo ya jeshi siyajui. Huo mkono unashindwa kufanya nini?

Wakili akamtazama Kinyozi, Kinyozi akatazama viatu vyake. Wamekaa na mtu huyu tangu alipovua magwanda. Ajali wanaijua, namba ya kikosi wanaijua, hata jina la utani la dereva wa lile lori. Hili hawakuwahi kuuliza.

Bibi alijua. Lakini walipotoka kambini alimwahidi mumewe kwamba ya ndani yatabaki ndani, na ulimi wake, ambao haujamwogopa mtu, juu ya jambo hilo moja ulikuwa umefungwa. Akachochea mkaa ambao haukuhitaji kuchochewa.

— Mtu amekuuliza, mzee, akasema. Mjibu.

— Mama, si hapa.

— Hapa ukishindwa, kesho utaweza?

Afande akaweka kikombe chini kwa mkono wa kushoto.

— Vifungo, akasema mwishowe. Sifungi vifungo. Ananifunga huyu. Na mkanda wa suruali. Chakula ananikatia jikoni, nakila kimeshakatwa. Nikiamka, vidole vimelala, hata wembe siwezi kuushika.

Rada alikaribia kutania. Bibi akamtupia jicho, utani ukarudi ulikotoka.

— Kumbe ndiyo maana ndevu unakuja kwangu, akasema Kinyozi polepole. Nami nilidhani unapenda kudekezwa.

— Na betri za redio nakutilia mimi, akasema Rada. Nikirudi nyumbani nasema, yule mzee mvivu.

— Sasa si mwende naye? akauliza fundi bomba. Mkaseme hayohayo.

Kinyozi akakuna shingo.

— Kwani kule wanapokea maneno ya kinyozi?

Wote wakamgeukia Wakili. Wakili akaweka vizuri kola ya shati, akavuta pumzi ya hotuba ndefu, kisha akaiachia taratibu.

— Kusema kweli, sijui.

— Leo ndiyo umesema la maana, akasema Bibi. Lete kikombe nikuongezee.