Kurudishwa Nyumbani kwa Uzuri

"Mtoto akiwa na adabu, si ndiye hutumwa kila siku?" Jirani mmoja aliwahi kumwuliza mjane Lenah hivyo. Swali lilimrudia ndani ya basi la kutoka Kitale, lililojaa vibarua wa mashamba ya wazungu, akiwasikiliza wanaume wawili wasiojuana walioketi mbele yake.

Kijana mwenye tai alijieleza kuwa mwalimu mpya huko Mabanga. "Mimi nimeacha kiboko, mzee. Mtoto akikaa na adabu juma zima, Ijumaa namruhusu aende nyumbani mapema, wenzake wabaki wakilima shamba la shule. Lakini binti aliyeshinda kwanza, Nakhungu, tangu siku hiyo anafanya fujo makusudi. Sielewi."

Mzee akavua kofia. "Nakhungu ni wangu," akasema polepole. "Alifika jua likiwa juu, ati amerudishwa nyumbani kwa uzuri. Sasa nani hurudishwa nyumbani kwa uzuri, mwalimu? Nilimchapa kwa kutoroka, nikaongeza kwa uongo."

"Si ungekuja kuniuliza, baba?"

"Si ungetuambia sisi wazazi?"

Lenah alifumba macho amwombee mwenye kosa, akashindwa kujua amtaje nani. Alipoyafumbua, basi lilikuwa limesimama Mabanga.

"Leo utamwambia nini?" akauliza mwalimu, ambaye safari yake ilikuwa hadi Bungoma.

Mzee alishuka, kofia ingali mkononi.