Chumba cha Watoto Waliokatazwa Kuja

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, Ndugu Mkuu wa Idara, walimu wetu, wageni waalikwa, na nyinyi kina mama wenzangu mliosimama huko nyuma na watoto migongoni: nawasalimu nyote kwa heshima.

Nimeambiwa niseme maneno ya furaha, maana leo tunafungua chumba cha kuchezea watoto wa wanafunzi wa kigeni. Nimejaribu tangu asubuhi, furaha inakuja nusu. Chumba ni kizuri, sina ubishi. Zulia laini, na mito tumeishona wenyewe. Lakini jamani, tuulizane kama watu wazima: tunawafungulia mlango wa chumba watoto waliokwisha kufungiwa mlango wa nchi?

Sheria mpya inasema mwanafunzi wa kigeni wa uzamili anayesoma darasani haruhusiwi tena kuleta mke, mume wala mtoto. Mimi niliwahi kuingia na huyu kitindamimba wangu, kumfuata mume wangu anayesoma hapa. Dada yake, tunayemwita Bibi Maswali, tulimwacha kwa nyanya yake hadi tupate nyumba. Nyumba ikapatikana, nikaenda ofisi ya uhamiaji.

"Dada, sheria imebadilika," akasema kijana wa dirishani.

"Tangu lini?"

"Tangu leo asubuhi."

"Si jana nilikuwa hapa hapa, ukaniambia mtandao umekatika nirudi leo?"

Akakuna kichwa. "Pole, dada."

Pole! Pole hiyo niipeleke wapi, niipike? Nikampigia mwanangu simu. Akaniuliza, "Mama, hao watu wananijua?" Nikamwambia hawakujui. "Sasa wamenikataaje?" Nyinyi mliosoma hadi vitabu vikaishiwa kurasa, nani atanipa jibu la kumpa mtoto wa miaka sita?

Nisionekane mlalamishi tu. Sheria imeacha upenyo: anayesoma kwa utafiti bado anaruhusiwa familia. Mume wangu anasomea udongo, na msimamizi wake amekwisha kubali ahamie masomo ya utafiti. Imebaki idara kuidhinisha. Na Mkuu wa Idara namsifu kwa dhati. Ni mtu mpole, hajatufukuza hata siku moja. Kila tukienda anatuita "wanangu", anatupa viti, anatuambia, "Nitalitazama." Baba yangu, umelitazama vya kutosha! Nafasi ya kuhama inafungwa Ijumaa.

Mume wangu pale ananikonyeza nikae. Baba watoto, nikikaa, nani atanipa tena maikrofoni?

Nawashukuru mliopaka rangi, mliobeba meza, na Mheshimiwa uliyekumbuka kwamba wanafunzi nao wana watoto. Bado nina matumaini, ndiyo maana nasema. Aliyekata tamaa hufunga mizigo akanyamaza.

Asanteni kwa kunitegea sikio. Mshereheshaji, uniwie radhi, maikrofoni sikurudishii wewe. Nampelekea Mkuu wa Idara pale alipoketi, atuambie mbele ya watu wote hawa: ni ndiyo, au ni hapana?